Nimevalisha siti za Toyota IST kava za leza, zile za mfano wa ngozi, mwenyewe hapa Tanga, cheki hizi pete!

Mambo vipi wadau, leo tuko uani kwangu Ngamiani, jua ndo hilo mnaliona, na leo tunalihitaji, nitawaambia. Hii IST ya 2004 siti ya dereva ilishachanika ubavuni, pale unaposugua kila ukishuka, sponji nje, kitambaa kimekunywa jasho na chumvi ya huku pwani mpaka kinanuka. Kufungua siti siwachoshi, bolti nne, spana 14, wengi mnajua. Ila chomoa betri kwanza, subiri angalau sekunde 90 ndo uguse ile plagi ya njano chini ya siti, ya eabegi hiyo, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga.

Sasa dogo sogeza kamera. Mnaona hii pete ya waya? Aisee, hii ndo imenifanya niipende hii seti ya kava. Zile kava za mpira na kulabu unavalisha juu ya kitambaa kilekile, wiki mbili tu kava linatembea, linajikunja mgongoni. Hii unavua kitambaa chote, ule waya uliopita kwenye mshono wake unauchomoa, usiutupe, unaupitisha kwenye kava jipya, halafu unaubana na waya wa ndani ya sponji kwa pete. Anzia katikati, nenda pembeni, mimi nilianzia kona leza ikaenda upande nikakata pete tatu nikarudia. Tazama, nabana na plaizi... kwach! Ishashika. Ona mfereji wa katikati unavyozama, yani hakuna hata kunjo! Na kava lilale juani nusu saa kwanza, linalainika, linavutika, hapo jua la Tanga linakusaidia bure.



Bei, laki mbili na themanini siti zote. Kuna muuzaji alinitajia laki nne kwa hiihii, eti ngozi halisi! Geuza nyuma, ukiona kitambaa hiyo ni plastiki, ngozi ya mnyama nyuma ina manyoyamanyoya. Hii yangu ni plastiki na nasema wazi. Nilitaka kuipa tisa kwa kumi, ila huu uzi wa ubavuni mwembamba, naipa nane. Na kama siti yako ina lebo ya SRS ubavuni, yani kuna eabegi humo ndani, usinunue kava lisilo na mshono maalumu wa kupasuka, eabegi itatokea wapi?

Siti ya nyuma Jumamosi. Dogo weka kamera chini, njoo unishikie hapa nibane ya mwisho.