Umami kwenye tovuti za Uganda: kihesabu kizuri, ila safu ya wageni hudanganya

Kwa mwenye tovuti Kampala au Mbarara anayetaka kujua kurasa zipi zinasomwa bila kumlia msomaji bando, Umami, programu ya kuhesabu matembezi ya tovuti, inastahili kujaribiwa. Ilianzishwa na Mike Cao mwaka 2020, msimbo wake uko wazi kwa leseni ya MIT, haiweki kuki (vijifaili vya kumfuatilia msomaji kwenye kivinjari) wala kuhifadhi anwani za IP. Kwa anayebanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, huo ni mzigo mmoja uliopungua kichwani.

Kuisimamisha si kazi kubwa. Seva yenye Docker (chombo cha kuendesha programu zikiwa zimefungashwa tayari) inatosha: pakua faili la docker-compose la mradi, badilisha APP_SECRET (ufunguo wa siri wa Umami) na neno la siri la hifadhidata ya PostgreSQL, kisha andika docker compose up -d. Ukurasa hufunguka kwenye mlango wa 3000. Jina la kuingilia ni admin, neno la siri ni umami. Libadilishe hapo hapo, maana dunia nzima inalijua. Sajili tovuti, chukua mstari wa skripti wenye data-website-id, ubandike ndani ya head ya kila ukurasa.

Wengi hukwama kwenye Nginx, seva inayokaa mbele ya Umami na kuipitishia maombi. Isipopitisha X-Forwarded-For, yaani kichwa cha ombi chenye anwani halisi ya mgeni, wageni wote huonekana wametoka kwenye anwani moja na safu ya nchi hubaki tupu. Dawa yake ni mstari mmoja:

proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;

Sasa hiyo safu ya wageni. Umami humtambua mtu kwa kuchanganya, bila kuhifadhi, anwani ya IP na maelezo ambayo kivinjari hujitambulisha nayo. Huku kwetu vyote viwili ni dhaifu. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya pamoja, na tangu 2023 Chrome ya Android hujitaja "Android 10; K" kwenye simu yoyote ile, iwe Tecno au Samsung. Watu wawili wa mtandao mmoja wanaweza kuhesabiwa mmoja. Na msomaji yule yule akitoka Wi-Fi ya ofisini akaingia kwenye bando lake, anakuwa wawili. Kwa hiyo tazama kurasa zilizofunguliwa, na namba ya wageni ichukue kama makisio tu.

Safu ya nchi nayo ina kasoro yake. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, na wanaoifungua kwa VPN, programu inayomfanya mtu aonekane yuko nchi nyingine, husahau kuizima. Ukiona Uholanzi au Marekani imepanda ghafla baada ya kuweka kiungo Facebook, usikimbilie kusema umepata wasomaji wa ughaibuni. Vivyo hivyo safu ya lugha: inaonyesha mpangilio wa simu, ambao mara nyingi ni Kiingereza hata kwa anayesoma Kiswahili.

Kwa duka, matukio, yaani vitendo vya mgeni kama kugusa kiungo, ndiyo yenye faida zaidi. Weka data-umami-event="piga-simu" kwenye kiungo cha namba ya +256, na jina jingine kwenye kiungo cha WhatsApp. Kila mguso unahesabiwa, na hapo ndipo unapojua ukurasa gani unaleta wateja. Jina la tukio lisizidi herufi 50.

Ziara zako mwenyewe zitoe kwa kuandika localStorage.setItem('umami.disabled', 1) kwenye konsoli ya kivinjari chako, tovuti ikiwa imefunguliwa. Kwa tovuti changa, bila hivyo unajihesabu mwenyewe. Majira ya saa yaweke Africa/Kampala. Yakibaki UTC, siku mpya inaanza saa tisa usiku na takwimu za usiku zinaingia siku isiyo yake.

Vizuia-matangazo vingi huikamata skripti kwa jina lake la kawaida. Badilisha jina hilo kwa mpangilio wa TRACKER_SCRIPT_NAME. Nakala ya akiba panga mwenyewe: pg_dump (amri ya kunakili hifadhidata) kila usiku kwa cron, kipanga-ratiba cha seva, na faili likae nje ya seva hiyo.