Friji Kuukuu Linalogandisha: Namna ya Kuliondoa Bila Kujitia Hasara

Asalamu alaykum watazamaji. Leo hapa hakuna boksi la kufungua. Mbele yenu ni friji la milango miwili, lita kama 200, mtumba, kutu kidogo miguuni, na bado linagandisha. Mwenye nalo kanunua jingine. Hili limebaki kumziba ukumbi.

Kinachokula pesa hapa ni uchukuzi. Nyumba iko Malindi au Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, gari haifiki mlangoni. Ulipe wa kulishusha, ulipe gari la kusukuma mpaka barabarani, ulipe gari ya mizigo. Bei ya friji imeshaliwa njiani! Basi tangaza bei ya chini, na uandike wazi: mnunuzi ajibebee. Anayeuza barafu na malai Mwanakwerekwe atakuja na vijana wake, maana kwake hilo ni mtaji. Dalali usimwite, kitu chenyewe hakina faida ya kugawana.

Lakini nani anunue friji lililozimwa? Picha ya friji lililozimwa ni picha ya kabati. Liwashe tangu jana yake, tia chupa ya maji ya lita moja kwenye friza ya juu, asubuhi piga video: taa inawaka, mota inanguruma, chupa imeganda. Piga na kibandiko cha nyuma kinachoonyesha aina ya gesi. Kikisema R600a, mwambie mnunuzi, kwa sababu gesi hiyo inashika moto na fundi asije akachomelea bomba kabla ya kuitoa.

Sasa raba ya mlango, mahali ambapo mafriji mengi ya mtumba huharibikia. Bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, kivute. Kikitoka bila kukaza, hewa inaingia: mota haipumziki na umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, unakwisha mbio. Mara nyingi raba imekakamaa tu. Ifute kwa kitambaa cha maji ya moto, inyooshe kwa vidole, pima tena. Ikiwa imechanika, teremsha bei, usiifiche.

Ukisikia "ta!" kila baada ya dakika chache na mota haishiki, usikimbilie kusema mota imekufa. Umeme ukiwa mdogo hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo jaribu tena umeme ukitulia. Ikiendelea, chomoa plagi, kisha fundi achomoe rilei, kile kidude kilichobanwa ubavuni mwa mota, akitikise. Kikicheza ndani kama njuga, kimevunjika, na kukibadilisha ni kazi ndogo kuliko mota.

Harufu ya samaki ondoa kwa magadi ya kuokea, vijiko viwili vya chakula kwa lita ya maji ya vuguvugu, kisha acha milango wazi. Na barafu iyeyuke yenyewe. Kisu hapana, narudia, hapana! Ukuta wa ndani ni bati jembamba lenye njia za gesi. Ukilitoboa, umegeuza friji zima kuwa chuma chakavu kwa dakika moja.

Plagi yenye miguu miwili ya mviringo, iliyokuja nalo kutoka Ulaya, itoe, fundi afunge ya miguu mitatu yenye waya wa ardhi. Watu huichokonoa soketi kwa kalamu ili iingie. Upuuzi huo.

Kulibeba: lisimame, lifungwe kamba, milango ibanwe. Likilazwa, oili ya mota huingia kwenye mabomba. Kama limelazwa, hata kwa safari ya boti kwenda Mkoani au Wete kule Pemba, likifika lisimamishwe usiku kucha kabla ya kuchomekwa.

Na lililokufa kabisa? Mpelekee fundi friji kwanza, kwa sababu mota ina shaba ndani, na thamostati na rafu humfaa. Bomba lisikatwe ovyo kumwaga gesi hewani. Aitoe fundi mwenye vifaa. Bodi tupu wavuvi huilaza chali, wakatia barafu na samaki, kwani kuta zake zina povu linalozuia joto. Ikikaa uwani kabla ya kuchukuliwa, ng'oa milango yote, maana mtoto akijifungia ndani hatasikika wala hapati hewa.