Waliniambia Fowili Haitelezi

Hasira haijaniisha, ingawa yamepita majuma kadhaa tangu nirudishe funguo za gari lile. Masika hii tulifiwa na mama mkubwa huko ndani, mbele ya Magu, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na kila aliyekulia Usukumani anajua udongo mweusi wa mbuga unavyokuwa ukilowa, nilikwenda kwenye yadi moja ya hapa Mwanza kukodi gari la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne. Kijana aliyenipokea hakunipa hata nafasi ya kuuliza. "Mama, hii ni fowili, haitelezi," alisema huku akipiga boneti kwa kiganja. Akanionyesha kitufe kilichoandikwa SNOW kando ya gia, akaniambia nikifika kwenye tope nikibonyeze, gari litashika ardhi lenyewe. Nilipouliza neno hilo lina maana gani, alinijibu, "Theluji, mama. Kama limeiweza theluji ya Japani, tope la Magu litalishinda?" Nikalipa.

Alifanya jambo jingine ambalo siku hiyo sikulielewa. Aliiweka fowili pale pale yadini, akaniambia niiache hivyo hivyo mpaka nirudi. Tangu Igoma hadi tunapita Kisesa, kwenye lami kavu, kila nilipokata kona usukani ulikuwa mzito na gari lilikuwa kama linavutwa nyuma na mtu. Fundi wangu alinieleza baadaye kwamba katika magari ya namna hii, ambayo fowili huwekwa na kutolewa kwa mkono, ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani mihimili inayozungusha magurudumu, hufungwa pamoja zizunguke kwa kasi moja. Lakini kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri umbali mrefu kuliko ya nyuma, na lami haiyaachi yateleze kidogo ili yasawazishe tofauti hiyo, hivyo mfumo mzima hujikaza mpaka kitu kivunjike. Fowili ya aina hiyo ni ya tope, mchanga na theluji. Anayekodisha magari kwa riziki yake hapaswi kuwa halijui hilo.

Tulipoiacha lami, niseme ukweli, gari lilinifurahisha. Lilipita mahali ambapo hiace mbili zilikuwa zimezama hadi milangoni, nami nikiwa na dada yangu, wanawe wawili na magunia ya mchele wa msibani. Kila dimbwi tulilovuka liliniongezea imani, na imani hiyo ndiyo iliyoniongezea mwendo. Kisha tukafika kwenye mteremko, si mrefu, unaoishia kwenye kalavati. Nilikanyaga breki kama ninavyokanyaga siku zote. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, magurudumu yakakataa kuniitikia, gari likaendelea kushuka likiwa limenyooka kama mtumbwi uliokatika kamba, nami nikageuza usukani kulia bila kubadilisha chochote. Dada yangu hakupiga kelele, alitaja tu jina la marehemu mama yetu. Tuliishia mtaroni, upande mmoja wa gari ukiwa umelalia ukingo, bampa limepasuka, mchele umemwagika juu ya watoto. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku.

Waliotutoa ni wanakijiji wenye jozi mbili za maksai. Pamoja nao alikuwapo mzee mmoja ambaye miaka mingi ya nyuma aliendesha lori la pamba katika barabara zile zile. Nilimwamkia, naye kabla ya kuniuliza habari za safari alichuchumaa mbele ya tairi, akapitisha kidole kwenye kashata zake, yale matuta ya raba yanayoshika ardhi. Kisha akasema, "Mwanangu, gari hili linashuka kwa gia, si kwa breki." Akanielekeza niweke fowili ya gia nzito, ile ya mwendo wa chini kabisa, nikiwa bado juu ya mteremko, niiache injini ilizuie gari kwa magurudumu yote manne, na mguu wangu ukae mbali na breki na mbali na mafuta. Tulishuka mteremko uliofuata kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila gari kuyumba hata mara moja, na nilipofika chini nilikuwa nalia. Ni maneno ya nusu dakika tu. Kijana wa yadi alikuwa na robo saa nzima nami na hakuyasema.

Usiku ule, matangani, nilimpigia simu mdogo wangu aliyewahi kusoma Sapporo, kule Hokkaido kaskazini mwa Japani, ambako theluji hukaa barabarani kwa miezi. Nilimsomea maandishi ya ubavuni mwa tairi. Aliponisikia nikitaja STUDLESS alishtuka. "Dada, hayo ni matairi ya baridi!" Akanieleza kwamba raba yake imetengenezwa iwe laini ili isikakamae joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kwamba uso wake umejaa mikato myembamba inayong'ata barafu. Mwanza mchana ni nyuzi 28. Katika joto letu raba hiyo huisha haraka na hulegea kwenye lami, na mikato ile hujaa udongo wa mfinyanzi mara moja, tairi likabaki kama sahani. Akaniomba nitafute namba nne za tarehe, ambazo mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. Niliona 3812. Tairi lilitengenezwa juma la 38 la mwaka 2012, basi hata ule ulaini wa kumfaa mtu wa Sapporo ulikuwa umekwisha zamani.

Aliniambia pia kwamba kule kwenye theluji wenyewe wana tatizo letu hili hili: wenye fowili huondoka kwenye taa bila shida, wakajiona wameishinda barabara, kumbe nguvu ya magurudumu manne husaidia gari kuondoka na kupanda, lakini halisimami mapema zaidi kwa sababu ya fowili, kwa kuwa kila gari lina breki kwenye magurudumu yote tangu mwanzo. Kinacholisimamisha ni tairi, mwendo mdogo na nafasi ndefu mbele yako. Na kile kitufe cha SNOW hulifanya gari liondoke kwa gia ya pili ili magurudumu yasizunguke bure. Kwenye breki hakifanyi lolote.

Nilirudi yadini nikiwa na nia ya kuzungumza kwa amani. Nilitaka tu wabadilishe matairi. Kijana yule alilitazama bampa, akaniandikia shilingi 150,000, na nilipoanza kumweleza habari za matairi akacheka mbele ya wateja wengine wawili, akasema, "Fowili haina kosa, mama. Ninyi wanawake mkipewa gari kubwa mnakanyaga breki ovyo." Nina miaka 26 kwenye usukani. Kwamba nilikwenda kasi kuliko ilivyofaa, nakubali, na bampa nililipa bila kubishana. Lakini niliendesha kwa imani aliyonipa yeye, kwa maneno yake mwenyewe, na watoto wa dada yangu walikuwa nyuma.

Sasa, je, nawashauri msiende pale? Nilipoanza kuandika nilikuwa na hakika. Lakini gari lenyewe lilikuwa zima, injini haikuchoka, na siku ya kurudi lilitutoa kwenye tope lile lile bila kusukumwa na mtu, kwa sababu safari hii nilijua namna ya kuliongoza. Bei yao ni nafuu kuliko ya wengine niliowauliza. Wangefunga matairi ya tope yenye kashata pana, wakamfundisha kijana yule kusema na watu, ningelikodi tena, pengine hata ningelinunua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeamua.

Jana asubuhi nimepita pale nikielekea sokoni. Gari lile lile lilikuwa limeoshwa, matairi ni yale yale, na kijana alikuwa anampigia baba mmoja boneti kwa kiganja, mkewe akiwa tayari amekaa mbele na mtoto mapajani. Nilisimamisha gari langu katikati ya njia, honi zikinililia nyuma, nikashuka nikamwendea yule baba. Nilimwonyesha zile namba nne kwenye tairi, nikamwambia kila kitu nilichoandika hapa. Kijana alinifukuza. Yule baba alimshusha mkewe.