Madame Livingstone ya Barly Baruti: BD ya kuweka nyumbani

Nimenunua iyi BD (kitabu ya hadisi ya kuchorwa) hapa Goma kwa muuzaji mumoja wa vitabu, ya okazyo, ilishatumika, dola kumi na tano, beyi iko juu kabisa kwa kitabu yenye gundi ilishaanza kuachia mugongo, lakini sijutie hata.

Muchoraji ni Barly Baruti, muzee wetu wa Kisangani, alizaliwa 1959, alishafanya staji mu Studio Hergé, ya ule muchoraji wa Tintin, kule Ubelgiji, akaanzisha Acria, atelier mu Kinshasa ya kufundisha vijana kuchora, tena anapiga gitare na kuimba, sijue analala saa ngapi. Maneno ni ya Christophe Cassiau-Haurie, nyumba ya vitabu Glénat ya Ufaransa ikatoa 2014.

Hadisi iko ku ziwa Tanganyika wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Wabelgiji wanawinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen (ile ile wanaita leo Liemba ku upande wa Tanzania), na luteni mumoja anapewa metisi (mutoto wa muzungu na mwafrika) wa kumuongoza, huyo metisi anavaa sketi ya Waskoti, anasema baba yake ni Livingstone, ule Muskoti alitembea Afrika zamani, wanamucheka, kumbe huyo njo anajua mambo kuwashinda wote. Na vile maji imechorwa! Unaona brashi inapita. Watu wetu nao wako na sura za watu kweli, kila mutu na yake.

Shida moja: Kifaransa tupu. Mama aliangalia picha, akaanza kuniuliza kila ukurasa wanasema nini. Ziwa ile watu wanaongea Kiswahili ngambo zote, na Kiswahili hakuna?