Mafunzo ya Huduma ya Msingi ya Dharura: Yanamfaa Kiasi Gani Mhudumu wa Gari la Wagonjwa?

Mafunzo ninayoyatathmini hapa ni yale ya siku 5 ya huduma ya msingi ya dharura, yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kwa kushirikiana na Shirikisho la Kimataifa la Tiba ya Dharura, na kutolewa rasmi mwaka 2018 baada ya kujaribiwa Uganda, Tanzania na Zambia. Niliyahudhuria pamoja na wauguzi, matabibu, madereva na wanafunzi wanaojiandaa kuwa wahudumu wa magari ya wagonjwa, katika chuo kimoja cha hapa Tanzania ambacho sitakitaja. Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa kazi ya kumfundisha mtu kumchunguza mgonjwa kwa mpangilio, sijaona mafunzo mafupi yanayoyapita haya. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake itafanyika ndani ya gari linalokwenda, yanamfikisha nusu ya njia, na nusu iliyobaki inategemea sana chuo alichokichagua.

Kiini cha mafunzo ni uchunguzi wa awali wa hatua tano, zinazotambulishwa kwa herufi A hadi E: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya fahamu, na hatimaye kumfunua mgonjwa ili kuona kilichofichwa na nguo. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya afya amezisikia hatua hizi, na ndiyo sababu wengine huingia darasani wakidhani hawana jipya la kujifunza. Ubora wa mafunzo haya ni kwamba hayakuruhusu kuzitaja tu kwa mdomo. Ukigundua tatizo kwenye njia ya hewa, unalishughulikia hapo hapo kabla ya kwenda kwenye upumuaji. Ukisharekebisha jambo lolote, au hali ya mgonjwa ikibadilika, unarudi mwanzo. Mwanafunzi anayeruka hatua kwa sababu ameona mguu uliovunjika na macho yake yakanasa hapo, anasimamishwa na kuanza upya. Mvunjiko wa mguu unatisha kuutazama, lakini mgonjwa aliyelala chali akikoroma kwa sababu ulimi umeziba koo anaweza kufa wakati wewe unatafuta banzi.

Hatua ya njia ya hewa ilifundishwa vizuri kuliko zote. Tulijifunza kwamba mgonjwa anayezungumza kwa sauti yake ya kawaida njia yake iko wazi kwa wakati huo, na kwamba mkoromo, sauti ya kugugumia kama ya maji kooni, au mlio mkali wakati wa kuvuta pumzi kila moja ina maana yake na tiba yake. Tulifanya mazoezi ya kuinamisha kichwa nyuma na kuinua kidevu, kisha ya kusukuma taya mbele bila kuisogeza shingo kwa majeruhi anayehofiwa kuumia uti wa mgongo, kama abiria wa bodaboda aliyerushwa barabarani. Mpira wa kuzuia ulimi tulifundishwa kuupima kutoka pembe ya mdomo hadi pembe ya taya kabla ya kuuingiza, na tukaonywa kutomwekea mtu ambaye bado ana uwezo wa kukohoa au kutapika anapoguswa kooni. Haya ni mambo madogo, lakini mikono haiyajui mpaka iyafanye, na sanamu za mazoezi zilikuwa za kutosha kiasi kwamba hakuna aliyebaki mtazamaji.

Upande wa upumuaji, mwalimu alisisitiza kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, kazi inayochosha na ambayo wengi huikwepa kwa kukadiria. Alikuwa na haki ya kusisitiza. Kasi ya upumuaji mara nyingi ndiyo hupanda kabla shinikizo la damu halijashuka, kwa hiyo anayeikadiria anajinyima onyo la mapema kuliko yote. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho kilipewa nafasi yake bila kutukuzwa: kinadanganya vidole vikiwa baridi, na rangi nzito ya kucha, piko ikiwamo, inaweza kukivuruga. Somo hili linafaa sana mahali ambapo bibi harusi au mgeni wa harusini anaweza kuwa ndiye mgonjwa wako.

Katika mzunguko wa damu, tulirudia mara nyingi alama zinazopatikana bila kifaa chochote: ngozi baridi yenye jasho, mapigo ya kasi, na ukucha uliobonyezwa unaochukua zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi yake. Kwa mtoto na kwa mjamzito shinikizo la damu huchelewa kushuka hata pale damu nyingi inapokuwa imekwisha kupotea, na anayesubiri namba ya mashine ndipo aamini kwamba kuna hatari atakuwa amechelewa. Mjamzito aliyevuka wiki 20 hulazwa kwa ubavu wa kushoto ili mji wa mimba usiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Jambo hili wahudumu wa magari wanalihitaji kuliko mtu yeyote, kwani sehemu kubwa ya safari za rufaa kutoka zahanati za vijijini ni za akina mama. Mfumo wa m-mama, unaomwezesha mjamzito au jamaa zake kupiga namba 115 bila malipo na kutumiwa gari la wagonjwa au gari la dereva wa jamii, umeongeza idadi ya watu wanaojikuta wamebeba mama anayetoka damu huku hospitali ikiwa bado mbali. Namna ya kulisugua tumbo juu ya mji wa mimba ili ukaze baada ya kujifungua ilifundishwa, na nashukuru kwamba ilifundishwa kwa kila mtu, wanaume wakiwamo.

Hali ya fahamu ilipimwa kwa ngazi nne rahisi: yuko macho, anaitikia sauti, anaitikia maumivu, au haitikii kabisa. Pamoja na ngazi hizo kulikuwa na sharti moja ambalo ningependa kuliona limebandikwa katika kila gari la wagonjwa nchini: kila mgonjwa aliyebadilika fahamu apimwe sukari. Sukari iliyoshuka humfanya mtu aropoke, agombane, apooze upande mmoja au aanguke kifafa, na akapelekwa kwa tuhuma ya ulevi, ya kiharusi au hata ya mapepo, ilhali dawa yake inapatikana kila mahali na hufanya kazi ndani ya dakika chache.

Hatua ya mwisho, ya kumfunua mgonjwa, ndiyo niliyoiogopa kwamba ingefundishwa kigeni, lakini haikuwa hivyo. Mwalimu alitaka mwili wote uonekane, mgongo na kwapa vikiwamo, na papo hapo akataka sehemu iliyokwisha kuchunguzwa ifunikwe kwa shuka au khanga kabla ya kufunuliwa nyingine. Alieleza sababu mbili na zote ni za kitabibu na za kiutu: majeruhi anayepoa mwili damu yake huganda kwa shida, na mgonjwa anayevuliwa stara mbele ya umati wa barabarani hukataa huduma.

Baada ya hatua hizo huja maswali ya historia: dalili, mzio, dawa anazotumia, maradhi ya zamani, mara ya mwisho kula au kunywa, na yaliyotokea kabla ya tukio. Kisha kila mwanafunzi hupitishwa kwenye moduli nne, yaani majeraha, shida ya kupumua, mshtuko wa mzunguko wa damu (hali ya viungo kukosa damu ya kutosha), na fahamu iliyobadilika. Moduli ya majeraha ni nzuri na sina la kuongeza. Moduli ya fahamu iliyobadilika iligusa sumu za viuatilifu, ambazo mhudumu wa maeneo ya kilimo atakutana nazo: mate yanayotiririka, jasho, mboni ndogo kama tundu la sindano, na hatari ya sumu hiyo kumwingia mhudumu mwenyewe kupitia ngozi asipovaa glavu na asipomvua mgonjwa nguo zilizolowa.

Sasa niyaeleze mapungufu. Mafunzo haya yaliandikwa kwa ajili ya kila anayekuwa wa kwanza kumpokea mgonjwa, awe kwenye zahanati, kwenye chumba cha dharura au kwenye gari, na chumba ndicho kilichotawala. Katika darasa letu hakuna zoezi hata moja lililofanyika ndani ya gari. Kumkandamiza kifua sakafuni mtu ambaye moyo wake umesimama, mara 100 hadi 120 kwa dakika kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, ni kazi nzito lakini inawezekana. Kufanya hivyo nyuma ya gari linalopita kwenye matuta, bila kushikilia chochote, ni jambo jingine kabisa, na mwanafunzi anastahili kuligundua akiwa na sanamu. Vivyo hivyo kumpandisha majeruhi kwenye machela, kumfunga mikanda, na kumgeuza, kazi inayotaka watu wanne, wakati mahali pale mko wawili tu.

Kilichonisikitisha zaidi ni kukosekana kwa hesabu ya oksijeni. Tulifundishwa kwamba barakoa yenye mfuko inahitaji lita 10 hadi 15 kwa dakika, lakini hakuna aliyetuonyesha maana yake njiani. Mtungi wenye lita 680 ukiufungua kwa lita 15 kwa dakika unakwisha kwa takribani dakika 45. Katika wilaya ambazo rufaa huchukua saa mbili, mhudumu asiyeijua hesabu hii ataondoka kituoni akiwa na imani na mtungi ambao utamwishia katikati ya pori. Hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu, na ingefundishwa kwa robo saa.

Jingine ni lugha. Kitabu cha mazoezi tulichopewa kilikuwa cha Kiingereza, na mtihani pia. Majadiliano yalikuwa ya Kiswahili na yalichangamka, ila wenzetu madereva, ambao katika wilaya nyingi ndio msaidizi pekee wa muuguzi safarini, walionekana kujibu vizuri kwa mikono na kushindwa kwa kalamu. Chuo kinachopokea ada ya watu hawa kina wajibu wa kuwatungia mtihani katika lugha wanayoifanyia kazi. Kuhusu ada yenyewe, msomaji afahamu kwamba kitabu cha mafunzo kinapatikana bure kwenye tovuti ya Shirika la Afya Duniani. Unacholipia chuoni ni walimu, sanamu, vifaa na muda wa kufanya mazoezi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza ni wanafunzi wangapi kwa kila mwalimu wakati wa mazoezi, kama kuna ambu (mfuko wa kumsukumia mgonjwa pumzi) ya mtoto mchanga pamoja na ya mtu mzima, na kama kuna siku ya kufanya mazoezi ndani ya gari la wagonjwa. Chuo kikijibu swali la tatu kwa kusita, tafuta kingine, au angalau omba kituo chako kiwape nafasi ya kulitumia gari lenu likiwa limeegeshwa.

Ningewashauri wanaojiandikisha wasome moduli ya kwanza ya kitabu, ile ya uchunguzi wa A hadi E, nyumbani wakaimaliza, kwa sababu siku ya kwanza inakwenda kasi. Wakati wa mazoezi wajizoeze pia kurudia uchunguzi mzima kila baada ya dakika 5 kwa mgonjwa mahututi na kila dakika 15 kwa aliyetulia, wakiandika saa na namba, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo daktari wa mapokezi ataitegemea. Cheti kinachotolewa mwishoni kinathibitisha kwamba umehudhuria na umefaulu mafunzo mafupi. Hakimpi mtu leseni ya kutoa dawa wala kutoboa kifua, na anayetaka ajira ya kudumu kwenye magari ya wagonjwa bado atahitaji mafunzo marefu na usajili unaotambuliwa na mamlaka za nchi yake.