Laptopu ya gemu ya kubeba chuoni: ipi ununue, ipi uachane nayo

Wadau, kila boom (hela ya mkopo wa chuo) likikaribia kuingia swali ni lilelile, mtu anataka laptopu ya kupigia gemu usiku hosteli halafu asubuhi aingie nayo lekcha, na bajeti yake haifiki milioni 2 au ndo imefika kwa kuungaunga. Nimezipanga kuanzia ile ningemshauri mdogo wangu achukue kwanza, na nimeangalia zaidi zile used za Dubai zinazoshuka Kariakoo maana mpya kabisa ya maana wanafunzi wengi hatuiwezi.

Kabla sijaanza niweke kigezo changu wazi: uzito, tena uzito na chaja yake. Hapa ndo wengi wanaingia chaka. Mtu anaona Lenovo Legion 5 ina kadi ya grafiki (GPU) kali, ananunua, kumbe laptopu yenyewe ni kilo 2.4 na chaja yake ya wati 230 ni tofali, begi zima linapita kilo 3 hujaweka hata daftari, sasa toka nayo hosteli ya Mabibo upande daladala umesimama mpaka chuo uone. Wiki ya tatu inabaki kitandani na wewe unaandika nouts kwenye simu. Kama haibebeki basi ungechukua deskitopu tu, kwa hela hiyohiyo ungepata nguvu zaidi.

1. ASUS ROG Zephyrus G14 (2021 au 2022), used

Hii kwangu ndo mfalme. Inchi 14, uzito kilo 1.7 hivi, betri ya Wh 76, na inachajiwa kwa USB-C mpaka wati 100, yaani mchana unaacha tofali geto unatembea na kichaja kidogo tu. Ukicheza gemu zito chomeka chaja yake kubwa maana kwa USB-C kadi haipewi umeme wa kutosha. Ya 2021 nyingi zina prosesa ya Ryzen 9 5900HS na kadi ya Nvidia RTX 3060 ya GB 6, FC (gemu la mpira la EA), GTA V, Warzone zote inakula. Ya 2022 imehamia kadi za Radeon, RX 6700S au 6800S, kioo kimekuwa kirefu kidogo kwenda juu, kizuri kwa kusoma PDF. Watu wa injinia wanaotumia programu zinazotaka CUDA (ipo kwenye kadi za Nvidia tu) baki na ya 2021.

Shida zake sasa. Ya 2020 na ya 2021 hazina kamera kabisa, sio kwamba imeharibika, ASUS hawakuweka, so muuzaji akikwambia "kamera ni draiva tu mkuu" anakudanganya. Ukiwa na Android na Windows 11 unaweza kutumia simu kama kamera, inatosha kwa Zoom. Pia RAM moja imegandishwa kwenye bodi, sloti ya kuongeza ni moja tu, kwa hiyo tafuta inayokuja na GB 16 tayari.

2. Lenovo ThinkPad X1 Extreme Gen 2

Najua mtasema hii ni ya wahasibu. Hiyohiyo. Kwa nje ni ThinkPad nyeusi ya kawaida, hata mwizi haiangalii mara mbili, ndani kuna GTX 1650 Max-Q ya GB 4 na i7 ya kizazi cha 9, inchi 15.6 lakini kilo 1.7 tu. Sloti mbili za RAM, sloti mbili za SSD, unaanza na kidogo unaongeza kila boom likitoka. FC 24 na FC 25 kima cha chini walichoandika ni GTX 1050 Ti, RAM GB 8 na nafasi ya GB 100, kwa hiyo uko juu ya mstari, ila usitegemee kuweka kila kitu ultra. Inapata moto ukiibana, mpe fundi asafishe feni na abadilishe pesti ya kupoza prosesa siku ya kwanza tu. Kuna pacha wake anaitwa P1 Gen 2, yeye ana Quadro T1000 au T2000, kwa watu wa AutoCAD na SolidWorks ni nzuri zaidi na gemu inacheza vilevile.

3. HP EliteBook 845 G9 au G10

Hii haina kadi ya grafiki ya pembeni kabisa. Subiri usicheke. Zenye Ryzen 7 za HS zina Radeon 680M (G9) au 780M (G10) ndani ya prosesa, kwa Valorant, CS2, FC ya kushusha setingi na magemu ya zamani inatosha sana, na uzito ni kilo 1.4 hivi. Sharti moja: RAM lazima ziwe mbili, mfano 8 na 8, maana GPU inakopa kwenye RAM na ukiweka moja tu unapoteza FPS (picha kwa sekunde) nyingi bure. Angalia prosesa kwa makini, zenye Ryzen 5 zinakuja na GPU dhaifu zaidi na boksi linafanana. Kama unacheza gemu wikiendi tu na mgao wa umeme kwenu ni wa kila siku, hii naiweka hata juu ya namba 2.

4. HP Victus 15, ASUS TUF A15 na wenzao

Bei inavutia, na mpya zake zinapatikana. Lakini ni kilo 2.2 mpaka 2.3 kabla ya chaja, na Victus inatumia chaja ya pini ya mviringo, kwa hiyo ukienda popote siku nzima unabeba tofali. Victus nyingi za bei ya chini zina RAM moja ya GB 8 na RTX 3050 ya GB 4. TUF ukipata yenye betri ya Wh 90 ni afadhali kidogo. Chukua hizi kama unaishi karibu na darasa, basi.

Nje ya list: ukiwa na mjomba Marekani au Ulaya, mwambie G14 ya 2024 (kilo 1.5, kioo cha OLED) au Legion Slim 5 ya inchi 14.5. Chaja haina shida na umeme wetu, badilisha waya tu. Ila RAM za laptopu zote mbili hizo haziongezeki, kwa hiyo aagize GB 32 palepale.

Ukifika dukani usione aibu, kaa chini fungua mwenyewe. Fungua CMD (Command Prompt), andika `powercfg /batteryreport`, fungua faili inayotajwa hapo, linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity, ikishuka chini ya asilimia 70 dai punguzo la betri. Kwa RTX ingia Nvidia Control Panel, System Information, soma Maximum Graphics Power, maana RTX 3050 ya wati 35 na ya wati 80 stika ni moja ila mwendo sio mmoja. Na hizi za maofisini, ThinkPad na EliteBook, waambie wapige Windows upya wewe ukiwepo na intaneti imewashwa, ikiomba imeili ya kampuni fulani ya Ulaya jua bado imefungwa na wenyewe. Rudisha mezani, ingia duka la pili.