Kuchagua Majani ya Chai ya Nyumbani: Kuanzia BP1 Hadi Vumbi

Anayenunua majani ya chai huzoea kuangalia jina la kampuni na bei, ilhali kinachoamua ladha ya kikombe chake zaidi ya hivyo viwili ni ukubwa wa punje. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya na Tanzania husindikwa kwa mashine za CTC, ambazo huliponda jani, hulichana na kulisokota likawa punje, kisha punje hizo huchekechwa na kupangwa katika madaraja yanayotajwa kwa herufi kwenye mnada wa Mombasa: BP1, kisha PF1 yenye punje ndogo zaidi, na PD na D1, ambazo ni vumbi. Baadhi ya pakiti huziandika herufi hizo, na zisipoandikwa, muuzaji anayepima kwa kilo aghalabu anazijua.

Nafasi ya kwanza naipa BP1, yenye punje kubwa kuliko zote za CTC. Hutoa rangi polepole, kwa hiyo mpishi hupata wasaa wa kuichuja kabla ukakasi haujazidi, na maziwa hayaimezi. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, yaani takriban gramu 2, kinatosha kikombe cha mililita 200. Maji yawe yanatokota, buli lifunikwe, na isubiriwe dakika 3 au 4. Anayeishi nyanda za juu kama Kericho, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, aongeze dakika moja.

Ya pili ni PF1. Kwa chai ya maziwa inayopikwa sufuriani pamoja na tangawizi na iliki, naiona inaishinda hata BP1, kwa sababu hukolea upesi na ukali wake hausalimu amri mbele ya viungo. Viungo vitangulie kuchemka katika maji, kwani vinahitaji muda mrefu kuliko majani. Majani yatiwe mwishoni, yachemke kidogo tu, kisha yachujwe.

Ya tatu ni chai ya majani yaliyosokotwa bila kupondwa. Kwa mnywaji wa chai ya rangi, hii ndiyo bora kupita zote: harufu yake ni pana, ukakasi wake ni mdogo, na majani yaleyale huweza kutiwa maji mara ya pili. Nimeishusha kwa sababu ni ghali, ni adimu madukani, na maziwa huifunika.

PD na D1 ni za mwisho. Zinawafaa wenye mikahawa wanaopika birika kubwa kwa watu wengi, lakini nyumbani hupenya kwenye chujio na kuwa chungu mara moja.

Kabla ya kulipa, omba kumwaga majani kidogo juu ya karatasi nyeupe. Punje nzuri ni nyeusi zenye weusi wa kahawia, na zinalingana; vinyuzi vingi vyekundu ni vikonyo, na rangi ya kijivu huonyesha kwamba punje zimesuguana mno. Kisha zinuse, maana chai hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani nayo, na pakiti iliyokaa kando ya sabuni haifai hata ikiuzwa kwa bei ya chini. Nunua gramu 250 kwa wakati mmoja, uzihifadhi katika kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko na mbali na karafuu.